Jalada la Bi Mistari

Ijumaa tarehe thelathini mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, Bi Mistari atavua kizibao chake cha rangi ya machungwa, atakitundika kwenye msumari wake nyuma ya mlango wa stoo ya Kitengo cha Alama za Barabarani, na kustaafu. Atakuwa ameitumikia Manispaa yetu kwa miaka thelathini na moja, miezi minne na siku tisa. Msomaji asiipite haraka hesabu hiyo. Kila siku iliyomo imepiganiwa mahakamani, na zile siku tisa peke yake mwanasheria wa Manispaa alizipinga nusu saa nzima kabla ya kunyoosha mikono na kuomba maji ya kunywa.

Jarida hili lina kanuni yake ya zamani: wasifu wa mstaafu huandikiwa mtumishi wa Manispaa tu. Vibarua hawaandikwi. Kibarua hastaafu, kibarua huacha kuja. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kule kuuona tu ukurasa huu ni habari kubwa, na kama unasoma umesimama tafadhali tafuta kiti, maana sisi tuna furaha kupita kiasi na hatuahidi kwenda taratibu.

Mhariri ameagiza pia kwamba mwandishi asijitaje. Sawa. Anayeandika haya ni mchapaji wa Manispaa, yule wa chumba namba nne chenye feni inayolia, na humu ataitwa "mchapaji" kana kwamba ni mtu mwingine. Tutaona kama ataweza.

Bi Mistari aliingia kazini kwa sababu ya mgongo wa mtu. Mpaka rangi wa wakati ule aliinama asubuhi moja kuchota rangi akashindwa kuinuka, na msimamizi, akihangaika huku na huku, akamwona mwanamke anapaka chokaa ukuta wa shule ya jirani, mkono umenyooka hauyumbi. Akamwambia, "Dada, njoo utushikie wiki moja tu." Wiki hiyo ndiyo inayokwisha Ijumaa.

Katika haraka ile hakuna aliyekumbuka kumwandikia barua ya ajira. Alipewa brashi, kopo na Bwana Kamba. Bwana Kamba ni mwenzake wa miaka yote, mtu wa maneno machache sana, ambaye kazi yake ni kushika ncha ya pili ya kamba ya kunyooshea mistari. Ukiwatazama utadhani ni kazi rahisi, mpaka ujaribu. Kwanza wanafagia lami. Wanaikaza kamba huku na huku, wanaipaka chaki, mmoja anaivuta juu kidogo na kuiachia, tap, na alama inabaki chini. Kisha Bi Mistari anainama na kurudi kinyumenyume na rola lake, na hapo usimwite, hata kama nyumba yake inaungua. Vivuko vyote kumi na tisa vya waenda kwa miguu mjini hapa vimetoka mikononi mwake, na kila mmoja wetu aliyewahi kuvuka barabara akafika upande wa pili salama ana deni la shukrani kwake.

Jina la utani lilikuja mwaka wa kwanza na likala jina lake halisi likalimaliza. Siku ya kwanza mahakamani karani alimwita kwa jina lake kamili mara tatu, na Bi Mistari akageuka nyuma kumtafuta huyo mwanamke anayewachelewesha watu.

Lakini tusifike mahakamani kabla ya gari.

Ilikuwa mwaka wake wa kumi na nne. Barabara iliyo mbele ya ofisi zetu ilikuwa na lami mpya, na Bi Mistari aliagizwa kupiga mstari mweupe wa ukingoni kuanzia lango la Manispaa mpaka posta, uwe umekauka saa nane mchana, kwa kuwa kulikuwa na wageni wakubwa. Kamba ikakazwa, rangi ikakorogwa. Hatua arobaini kutoka langoni, juu ya njia yao kabisa, lilikuwa limeegeshwa gari la Mkurugenzi wa wakati ule. Dereva haonekani. Bwana Kamba alipandishwa ghorofani mara tatu, na mara tatu alijibiwa kwamba Mkurugenzi yuko kikaoni, asisumbuliwe, na ole wake atakayelitia gari lile hata tone moja la rangi. Jua linawaka, rangi imeanza kufanya ngozi ndani ya kopo. Bi Mistari akalitazama gari, akaitazama rangi, akamwambia Bwana Kamba alegeze kamba.

Akalizunguka! Alipiga mstari safi, upana ule ule, kiganja kimoja kutoka kwenye matairi. Ukaacha ukingo, ukapita ubavuni mwa gari kwa adabu zote, ukarudi ukingoni na kuendelea na safari yake ya posta. Saa nane Mkurugenzi akashuka na wageni wake, akapanda gari, akaondoka. Mstari ukabaki pale umetoa tumbo barabarani, umbo la gari ambalo halipo. Wageni, bahati mbaya au nzuri, walikuwa wamekuja kukagua barabara. Wiki nzima magari yakifika pale yalikuwa yanakaa pembeni kidogo na kupita polepole, kama watu wanaopita mbele ya wazee, na mpaka leo pale panaitwa Kona ya Mkurugenzi ingawa barabara yenyewe imenyooka kama rula.

Kamati ya Nidhamu ikakaa. Wajumbe watano, jagi la maji, kumbukumbu za kikao, kila kitu. Bi Mistari akapewa nafasi ya kujitetea, naye akajitetea kwa ufupi: aliambiwa mstari ufike posta, na aliambiwa gari lisiguswe, na amri zote mbili amezitii. Mjumbe mmoja alitoka nje ghafla akisingizia kikohozi, na kikohozi hicho kilisikika mpaka kwenye ngazi. Hata hivyo Mkurugenzi alikuwa ameaibika mbele ya wageni, na uamuzi ukatoka: barua ya onyo kali, kichwa chake "Kupinda Mstari wa Manispaa bila Idhini". Mchapaji ndiye aliyeichapa. Aliharibu karatasi tatu kwa machozi ya kicheko. Ya nne ilipokuwa safi, akaimalizia chini kabisa kama zinavyomalizwa barua zote za onyo kwa watumishi: Nakala: Jalada Binafsi.

Jengo zima lilicheka kasoro mtu mmoja. Bi Mistari aliipokea barua kwa mikono miwili, akaisoma amesimama, na machozi yakamtoka mbele yetu. Miaka kumi na minne hakuwahi kuchelewa. Alifanya kazi akiwa na mimba ya miezi minane, akiinama na tumbo lake na rola lake, na hakuna karatasi hata moja iliyowahi kusema asante. Karatasi ya kwanza kuandikwa juu yake na Manispaa ikawa ya kumwonya. Aliikunja mara nne, akaenda kuificha chini ya sanduku la nguo, na nyumbani hakusema neno.

Mumewe ni fundi cherehani wa mtaa wa nyuma ya posta, mcheshi, mpenda kusimulia, na sifa za mkewe hazimwishi mdomoni. Alipita kwa baiskeli kwenye ile kona kila siku ya Mungu kwa miaka kumi na mitatu, na kila siku alimlaani mlevi aliyeuchora ule mstari. Akifika nyumbani alimuuliza mkewe kama amemjua tayari. Bi Mistari akamjibu huku anaepua chai kwamba siku ile walikuja watu wa nje, yeye hakuwepo. Mtaa mzima ulikuwa unajua. Mume, kama kawaida ya waume, ndiye aliyekuwa wa mwisho.

Mwaka wa ishirini na saba ikaja mashine ya kupiga mistari. Ilishushwa kwenye lori imefungwa nailoni, tukaipigia makofi, na Bi Mistari naye akapiga. Jumatano iliyofuata, langoni mwa stoo, msimamizi mpya akamwambia kwamba vibarua hawahitajiki tena. "Kesho usije," basi. Bwana Kamba alibaki kwa sababu yeye alikuwa na barua ya ajira. Alibaki ameshika ncha moja ya kamba na hajui nyingine ampe nani.

Bi Mistari akaenda mahakamani. Alichoomba kilikuwa kitu kimoja na alikisema kwa kila mtu aliyetaka kusikia na asiyetaka: ahesabiwe kuwa mtumishi, arudi, amalize miaka yake, kisha astaafu kama watu. Alikuwa amehudhuria sherehe za kuwaaga wastaafu arobaini na kitu. Kila mara alipaka chokaa mawe ya uani kwa ajili ya sherehe, kisha akasimama nyuma kabisa, karibu na matangi ya maji, kusikiliza wasifu wa wenzake ukisomwa. Sehemu nyingine alizijua kwa moyo.

Wakili wake tunamwita Mama Miwani, kwa kuwa ana miwani miwili, mmoja puani na mmoja kichwani, na akikasirika huvaa yote. Kesi ilikwenda vibaya tangu asubuhi ya kwanza. Manispaa ilisema hana barua ya ajira, na kweli hakuwa nayo. Ikasema hana jalada, na masjala ikathibitisha kwamba hana. Kisha mwanasheria wa Manispaa, akitaka kuonyesha kwamba hata huo ukibarua wenyewe aliufanya kwa ukorofi, akatoa nakala ya barua ya onyo na kuomba ipokelewe kuwa kielelezo. Mama Miwani akapinga, maana mteja wake alikuwa amemshika mkono kwa nguvu na kumsihi kwa macho. Pingamizi likakataliwa, na barua ikasomwa yote, kwa sauti.

Karani akaigonga muhuri. Halafu kwenye benchi la tatu fundi cherehani akaanza kutikisika. Alijaribu kujizuia, alijiuma mkono, alifunika uso kwa kofia; wapi! Kicheko kilimtoka kama maji ya bomba lililopasuka, akawa anasema kwa sauti, "Ni yeye! Kumbe mlevi nalala naye!" mpaka hakimu akaamuru atolewe. Alitolewa akicheka, na nje ya mlango akaendelea kucheka, na Bi Mistari alikaa kando ya wakili wake ameinamisha kichwa.

Akashindwa. Hakimu aliandika kwamba miaka ishirini na saba ya kuja kila siku ni miaka ishirini na saba ya vibarua vya siku moja moja, na kwamba ile barua inaonyesha mwenendo usioridhisha. Bi Mistari alisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia wakili wake na kumuuliza, "Kwa hiyo miaka yote hiyo nilikuwa nimekuja kusalimia?"

Kukata rufaa kulikuwa na muda wake, siku thelathini za kupeleka kusudio, na Bi Mistari alizitumia kumi na nane za kwanza kupaka chokaa. Alipaka ngazi za nyumbani, shina la mpapai, vyungu vya maua, na wifi yake alipokuja kumpa pole akapaka na kigoda alichokuwa anataka kukalia. Wifi alisema amwachie Mungu. Jirani akasema Manispaa ni Manispaa, huwezi kushindana na mtu anayekuletea maji bombani. Fundi cherehani, ambaye tangu siku ile alikuwa analala sebuleni kwa sababu ya kicheko chake, alisema jambo moja tu, kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani, lakini mkewe hajashindwa bado, na kama hakati rufaa yeye ataikata mwenyewe, mkasi anao.

Bi Mistari akacheka. Ndiyo siku fundi alipopata ruhusa ya kurudi chumbani.

Siku ya ishirini na tisa yeye na Mama Miwani walifika masjala ya mahakama ya rufaa. Foleni ilikuwa ndefu. Alipofika dirishani, badala ya kutoa karatasi, alimwambia karani kwamba ule mstari wa sakafuni ulioandikwa "Subiri Hapa" umekwenda upande vidole viwili, na kwamba kama kuna kamba angeweza kuunyoosha wakati anasubiri. Karani alimtazama, akagonga muhuri. Rufaa ikaingia.

Sasa ndipo ukaja ugomvi wenyewe. Mama Miwani alichukua mwenendo mzima wa kesi, kurasa mia mbili na kitu, akausoma nyumbani kwake siku tatu, na siku ya nne akamwita mteja wake akiwa amevaa miwani yote miwili, lakini safari hii kwa furaha. Alikuwa amepata hoja ya kwanza ya rufaa. Hoja ya kwanza, ya pili na ya tatu ilikuwa barua ya onyo.

Bi Mistari akakataa katakata. Yeye alitaka hoja ya kwanza iwe kuiondoa ile barua kwenye kumbukumbu, ichanwe, ichomwe. Alisema heri ashindwe akiwa na heshima yake kuliko ashinde kwa aibu yake kusomwa tena, tena mbele ya majaji watatu waliovaa majoho. Mama Miwani alieleza, akarudia, akachora hata picha. Bi Mistari akachukua mkoba wake akaondoka. Siku mbili hakupokea simu. Muda wa kuwasilisha hoja ulikuwa unayoyoma, na bila ile barua rufaa ilikuwa karatasi tupu. Mama Miwani alilijua hilo, na tunadhani hata Bi Mistari alilijua.

Aliyefungua fundo ni fundi. Hakubembeleza. Alikwenda kwenye sanduku, akaitoa barua, akaipima kwa utepe wake wa kushonea, urefu na upana, kama anavyompima mteja. Kisha akachukua gauni la mkewe la kwendea mahakamani, la buluu, akalishonea mfuko kwa nje, upande wa kushoto, wa kipimo kile kile. Akaitia barua humo. Akamwambia mkewe kwamba miaka kumi na mitatu amemtukana fundi bora kuliko wote mjini, anaomba radhi, na kwamba barua hii imelala chini ya nguo vya kutosha, sasa itavaliwa.

Asubuhi Bi Mistari alimpigia simu Mama Miwani kabla ya chai. Alisema, "Haya, wakili. Isomwe."

Siku ya kusikilizwa rufaa mchapaji aliomba ruhusa ya kwenda kung'oa jino. Jino hilo lipo mpaka leo, zima kabisa. Alikaa nyuma, karibu na Bwana Kamba, na aliona yote.

Majaji walikuwa watatu, na wa katikati alikuwa mama mwenye sauti ya upole ambayo hukujua itakuuma lini. Mama Miwani aliisoma barua taratibu. Alipofika kwenye "umbo la gari", jaji wa kulia alitafuta kalamu chini ya meza kwa muda mrefu kuliko kalamu inavyohitaji. Kisha jaji wa katikati akamuuliza mwanasheria wa Manispaa kama vibarua wake hupelekwa kwenye Kamati ya Nidhamu. Akajibu hapana. Akamuuliza kibarua akikosea hufanywa nini. Akajibu kwamba huambiwa kesho asije. Jaji akauliza, huyu kwa nini hakuambiwa hivyo siku ile? Akauliza tena, hapa chini pameandikwa nakala iende Jalada Binafsi, na ninyi mmesema hana jalada. Hiyo nakala mliipeleka wapi?

Mwanasheria akapekua karatasi zake mbele, nyuma, akazipekua tena. Mwisho akasema, "Mheshimiwa, hayo ni mazoea tu ya mchapaji."

Mazoea ya mchapaji! Bwana Kamba alinishika bega nikarudi kwenye benchi, la sivyo ningefuata njia aliyotolewa fundi. Na hapa, mhariri anisamehe, mchapaji ameshindwa, naandika mwenyewe. Hayakuwa mazoea. Siku ile niliichapa ile nakala nikaishika mkononi nikashuka masjala kuiweka mahali pake, kama kazi yangu inavyonitaka. Nikatafuta jalada la Bi Mistari kwenye rafu zote. Halikuwepo. Nilijua pale pale, nimesimama na ile karatasi, kwamba mwanamke niliyekuwa nakunywa naye chai kila saa nne hakuwa ameandikwa popote. Nilifanya nini? Niliichomeka nakala kwenye jalada la "Barabara: Malalamiko" nikarudi chumba namba nne. Sikumwambia yeye, sikumwambia afisa utumishi. Miaka kumi na mitatu nilikaa na hilo jambo, na niliogopa kuuliza nisije nikaonekana najitia mbele. Manispaa ilipotafuta silaha ya kumpigia ikaikuta pale pale nilipoiweka. Ni Mungu tu aliyeigeuza.

Jaji wa katikati alifunga faili lake na kusema maneno ambayo nimeyachapa na kuyabandika juu ya meza yangu: "Mlipotaka kumwadhibu alikuwa mtumishi. Mlipotaka kumwondoa akawa kibarua. Chagueni moja." Wiki sita baadaye hukumu ikasomwa. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na Manispaa yetu, tunaipenda, tunaitumikia, ilikuwa imejidunga kwa kielelezo chake yenyewe. Rufaa ikakubaliwa. Bi Mistari ni mtumishi tangu asubuhi ile ya kwanza, arudishwe kazini, na siku zote alizokaa nje zihesabiwe kana kwamba hakutoka.

Weee! Mama Miwani alimkumbatia mwanasheria wa Manispaa kwa makosa. Fundi alicheka, na safari hii hakuna aliyemtoa. Bwana Kamba, ambaye katika miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya "kaza" na "legeza", alipanda juu ya benchi akapiga ukelele mpaka askari wa mlangoni akapoteza kofia. Bi Mistari mwenyewe alibaki amekaa. Alimvuta wakili wake mkono akamuuliza, "Imeandikwa?" Mama Miwani akamwambia imeandikwa, mama, kurasa ishirini na mbili. Ndipo akalia, na kucheka, na kulia tena, na mfuko wa buluu ukalowa.

Jumatatu alikuwa langoni saa kumi na mbili na nusu, na walinzi walikuwa bado wamelala. Ile mashine aliikuta stoo akaiita mke mwenza, akaisalimia, akaizunguka akiikagua matairi. Mke mwenza alikuwa amefanya mambo akiwa peke yake: mbele ya soko alikuwa amepaka rangi juu ya ndala ya mtu ikagandia lami, na kule kituo cha zimamoto mstari uliingia mtaroni na haukutoka. Bi Mistari hakumsema vibaya. Alitoa kamba, akampa Bwana Kamba ncha yake, wakapiga chaki kwanza na mashine ikafuata alama. Mwaka mmoja na nusu wameishi hivyo watatu, kwa amani kuliko nyumba nyingi.

Wiki ya kwanza ya kurudi kwake alipanda chumba namba nne. Nilikuwa nimemfungulia jalada, jipya, la kijani, jina na namba nimeviandika kwa mkono wangu. Nilimwambia yote kuhusu siku ile ya masjala. Nilitegemea anitukane, na ningeyapokea. Aliniuliza kama chai ipo. Tulipomaliza kunywa akaingiza mkono kwenye ule mfuko wa buluu, akatoa barua ya onyo, ile asilia, imechakaa mikunjo minne, akaniambia niitoboe niiweke iwe ukurasa wa kwanza. Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema ana hakika, isije siku moja ikasemwa kwamba kazi aliianza siku aliyoshinda kesi.

Alhamisi, siku moja kabla ya kuagwa, atafanya kazi yake ya mwisho. Mkurugenzi wetu wa sasa, mama anayejua kucheka, alishauriwa ainyooshe ile kona maana rangi imefifia. Alikataa. Badala yake ametoa barua ya kumruhusu Bi Mistari aupige upya mstari wenyewe na tumbo lake, na kichwa cha barua ni "Idhini ya Kupinda Mstari wa Manispaa". Niliichapa bila kuharibu karatasi hata moja. Tafadhali magari yote yaondolewe mbele ya ofisi kufikia saa mbili asubuhi, yatakayobaki yatazungukwa.

Ijumaa mawe ya uani yatakuwa yamepakwa chokaa, na safari hii hatayapaka yeye. Tutayapaka sisi, kwa hiyo yavumilieni. Hakuna ruhusa ya kusimama karibu na matangi ya maji. Kiti chake kiko mbele, na wasifu utakaosomwa ni huu. Ameniambia mipango yake ya kustaafu. Atakaa kibarazani kwa fundi, mkabala na kivuko cha posta, aone mistari ya wengine na kuisema.

Bi Mistari, dada yetu, asante kwa kila hatua tuliyovuka salama. Asante kwa kukata rufaa ulipokuwa umechoka. Nenda ukapumzike, ule maisha, na fundi wako akucheke kila siku mpaka mzeeke. Barua yako ya kustaafu ipo tayari mezani kwangu, imegongwa muhuri, na najua utakapoipokea kwa mikono miwili utaruka jina lako, utaruka miaka, utakwenda moja kwa moja chini kabisa kuangalia kama ipo. Ipo, dada. Nimeichapa huko, na naichapa na hapa.

Nakala: Jalada Binafsi.